Ukimya wa Chumba

Katika kundi lile hakuna aliyekula kwa filamu. Mmoja alinyoa watu, mmoja alipasua mbao, mmoja alifundisha watoto wa chekechea, na yule waliyemwita Dairekta alikuwa fundi wa mafriji. Jumapili mchana, wenye akili zao wakiwa wamejinyoosha majumbani, wao walikusanyika kwenye karakana ya seremala, wakafagia maranda, wakatundika shuka jeupe ukutani, wakabishana kuhusu mwanga mpaka koo zikawakauka. Kamera ilikuwa moja ya kupokezana. Maikrofoni ilifungwa kwenye mpini wa fagio, na mshikaji wake alikuwa kinyozi, maana mikono yake ilikuwa haitetemeki.

Jumapili hiyo karakana ilijaa hadi watu wakakalia mbao. Filamu ya Dairekta ilikuwa imekamilika baada ya kusuasua muda mrefu, na binti yake wa pekee alikuwa amesafiri kutoka mbali kuja kuitazama. Si kwamba alipenda filamu. Mwigizaji mkuu alikuwa mama yake, na mama yake alikuwa kaburini. Binti alichelewa hata mazishi. Maongezi yao yote ya miaka mingi yalikuwa ya simu, na simu ikishakatwa haibakizi kitu.

"Nataka kumsikia tu, baba," alikuwa akisema tangu ashuke na begi lake. "Sura ninayo kwenye picha. Sauti yake ndiyo inaanza kunipotea."

"Utamsikia mpaka uchoke," Dairekta alimjibu, na kifua kilimjaa.

Taa zikazimwa. Kwenye shuka mlango ukafunguliwa, na mama akatokea na khanga yake ya kila siku, akimfungulia mwanawe wa kwenye filamu, aliyefukuzwa kazi. Akafumbua mdomo. "Umekula, mwanangu?" ikasema sauti nyororo, safi, iliyonyooka kila silabi.

Binti alisimama. Kivuli cha kichwa chake kilimfunika mama yake kwenye shuka.

"Baba, huyo anayesema ni nani?"

"Mama yako."

"Mdomo ni wa mama. Nauliza sauti ni ya nani?"

Nyuma kabisa, mwalimu wa chekechea, ambaye kundi lilimpa jina la Redio kwa jinsi alivyotamka maneno, aliinamisha uso. Hapo ndipo Dairekta alipoelewa. Aliitazama filamu hiyo mara zisizohesabika akiihariri. Maneno aliyajua yote kwa moyo, na kila mdomo ulipofunguka yeye alimsikia mkewe. Hakukumbuka hata mara moja kwamba sauti ya mkewe haikuwamo.

Ilikuwa hivi. Wapenda filamu wana ugonjwa wao, nao ni sauti. Kwenye maonyesho ya nyuma, kundi la mtaa wa pili liliwacheka hadharani: picha nzuri, lakini mbona watu wanaongea kama wako ndani ya debe? Maneno hayo yalimchoma Dairekta. Alipokosa mwigizaji wa filamu mpya akamwomba mkewe, naye akakubali akiwa ameshika mwiko, kama alivyokubali mengine yote. Tayari alikuwa anakohoa, sauti imekwaruza. Dairekta aliposikiliza walichorekodi, alitikisa kichwa. Akamwita Redio, akamkalisha mbele ya picha, naye Redio akarudia maneno yote akifuata midomo ya mwenzake.

"Mpe tu mwalimu," mkewe alicheka kutoka kitandani. "Yangu imeshachakaa."

Na kundi lilikuwa na desturi yake: kilichobadilishwa kinafutwa, kwa kuwa diski ya kuhifadhia ilikuwa moja na imejaa pomoni. "Futa," Dairekta alimwambia kinyozi, na kinyozi akafuta. Wakati huo sauti yenyewe ilikuwa chumba cha pili, ikimwita aje ale kabla chakula hakijapoa. Nani anatunza kitu kilichojaa nyumba nzima?

Watu walitawanyika bila kupiga makofi. Waliobaki walipekua kila kitu, kadi za zamani, simu zao, hata kompyuta mbovu ya seremala iliyokuwa ikitumika kama meza ya chai. Redio alilia waziwazi na kuomba radhi, na binti akamwambia, bila kumtazama, kwamba yeye hana kosa. Dairekta alitamani binti amtukane. Hakumtukana.

Kesho yake binti alikuwa anaondoka. Alipopita karakana kuaga, yeye na baba yake, begi begani, alimkuta kinyozi amesimama mlangoni, macho mekundu.

"Kuna kitu," kinyozi alisema. "Msitarajie makubwa, jamani. Ni ukimya."

Akaeleza. Kila mara kabla ya kupiga picha, wote husimama kama wamegandishwa, naye hurekodi ukimya wa chumba, wa kutandika chini ya maongezi ili sauti isiwe na mashimo. Ukimya huo haufuti, maana siku zote unafaa. Anao wa karakana, wa ngazi za shule, na wa jikoni kwa Dairekta. Na siku ile jikoni, mama alikuwamo, amesimama nao.

Baba na binti waligawana visikilizi, kila mmoja sikio moja. Kwanza hakikusikika kitu, ila uvumi wa hewa tu. Friji haikusikika; Dairekta alikumbuka kwamba aliichomoa mwenyewe. Bomba likadondosha tone. Kisha mtu akakohoa, kikohozi kidogo cha kubanwa na kiganja, cha mtu asiyetaka kusumbua.

Binti alimshika baba yake mkono. "Ni yeye."

Wakangoja, roho juu. Ikasikika pumzi ikivutwa, ile ya mtu anayetaka kusema neno, na mwanzo wa neno lenyewe, "Hi..."

"Kimya, mama! Utaniharibia!"

Ilikuwa sauti ya Dairekta, kubwa na kavu. Baada ya hapo mkewe alitii, na tone la bomba likaendelea peke yake hadi mwisho.

Binti alitoa kisikilizi sikioni taratibu. "Alitaka kusema nini?"

"Sijui."

"Hukumuuliza?"

Hakumuuliza. Walipiga picha, wakakunja nyaya, wakala, wakaenda zao.

"Basi nikatie," binti alisema. "Aanze kukohoa, avute pumzi, uishie pale. Wewe usiwemo."

Aliketi kukata. Kazi hiyo aliijua, na vidole vilikuwa vyepesi. Lakini kila alipokata, ama yeye alibaki au mkewe aliondoka, kwa sababu sauti yake ilikuwa imeanza kabla pumzi ya mkewe haijaisha. Alisogeza mbele, akarudisha nyuma. Kinyozi alijaribu na kushindwa. Jasho lilimtoka Dairekta.

"Haikatiki, mwanangu. Nimemkanyagia."

"Nipe hivyohivyo," binti alisema. Alipokea simu yake iliyotiwa rekodi hiyo, akampa mkono baba yake kama mtu anayeagana na mgeni, akaenda.

Dairekta alirudi nyumbani jua likiwa bado lipo. Hakwenda kazini. Aliingia jikoni, akachomoa friji, akakaza bomba, akasimama katikati ya sakafu mikono ikining'inia, kama walivyosimama siku ile. Alisimama hivyo muda mrefu. Ulikuwa ukimya safi kabisa, ule aliokuwa akiwadai watu miaka yote. Hakuna aliyekohoa.