Mbuzi wa Kalinzi

Ko, ko, ko. Bomba la kupasha joto liligonga ukutani kabla hakujapambazuka. "Nimesikia, baba," Nsimire akalijibu, akajifunga kitenge na kwenda jikoni. Sufuria ya nyama ya mbuzi ilipaswa kuiva kabla mwanawe Byamungu hajarudi kutoka zamu ya usiku kiwandani Tonawanda.

Nyumba hiyo ya Buffalo, Marekani, waliipanga tangu walipofika. Sasa mwenye nyumba alikuwa ameshindwa na mkopo, na benki imeitwaa. Ushirika wa ardhi wa mtaa ukaingia kati: ungeinunua, ungebaki na kiwanja, halafu ungemuuzia Nsimire nyumba kwa bei anayoiweza. Ilibaki sahihi yake, leo hii. Asipotia, nyumba inakwenda mnadani, nao wanahamia Columbus kwa binti yake Sandrine, ambaye sebule yake ilikuwa imejaa magodoro tayari.

Kaka yake Bagula alikuwa amepiga simu kutoka Louisville. "Nyumba bila udongo? Dada, wanakuuzia kofia bila kichwa!"

Nsimire alicheka, lakini usingizi ulimpaa. Kwao Bushi, mashariki mwa Kongo, udongo ni wa mwami, mfalme wa jadi. Unampelekea kalinzi, ng'ombe au mbuzi, mashahidi wakiona, na tangu hapo shamba ni lako na la wanao. Asiyetoa kalinzi ni mgeni tu, anaweza kuondolewa wakati wowote. Na hawa watu wa ushirika hawakuomba hata kuku!

Selpher, binti wa Kikenya aliyefanya kazi katika ushirika huo, alifika na karatasi zake. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na Nsimire akaliona hilo. Akamsogezea sufuria.

"Kalinzi yenu hii."

Selpher alipoelezwa maana yake, akarudisha mikono nyuma. "Mama, siruhusiwi kupokea zawadi. Nitafutwa kazi!"

"Bon. Na mimi sitii sahihi."

"Mama!" Byamungu alikuwa ndiyo kwanza anaingia, koti la kazi bado mwilini. "Watu wanakupa nyumba, wewe unagombania mbuzi?"

"Nagombania watoto wako. Kesho wakifukuzwa, nani atashuhudia?"

Selpher hakucheka. Aliketi, akafikiri.

"Mwami wenu ni nani?" Nsimire akamuuliza kwa upole.

"Hatuna, Mama. Ardhi ni ya wanachama, majirani hawa hawa. Wao huchagua baraza."

"Basi waite wao."

Selpher akapiga simu. Bi Dolores, bibi wa nyumba ya pili na mwenyekiti wa baraza, alikuja na ndara zake. Ndahiro wa ng'ambo ya barabara alimfuata, akisema harufu imemwita kabla ya simu. Selpher akamweleza Dolores kwa Kiingereza.

"Kwa hiyo leo mimi ni mfalme?" Dolores akauliza.

"Leo tu," Nsimire akajibu, Selpher akitafsiri. "Na mfalme anakula kwanza."

Dolores akala, akalamba vidole, akaomba mfupa mwingine. Kisha akafuta mikono vizuri na kuushika mkono wa Nsimire.

"Nimepokea, na hawa wameona. Kaa. Na wajukuu wako wakae baada yako."

"Ndivyo mkataba unavyosema pia," Selpher akasema taratibu. "Ukurasa wa tatu, Mama, nilikusomea."

"Ulisoma vizuri, mwanangu. Ila karatasi haili."

Akatia sahihi, herufi kubwa kubwa, bila haraka. Byamungu akajipakulia.

Selpher akakusanya karatasi. Yeye peke yake hakuwa ameonja kitu, na Nsimire alimwona akimeza mate alipokuwa akivaa viatu. Akamfuata hadi kibarazani, akamfunga vizuri skafu shingoni kama anavyowafunga wajukuu.

"Kazi yako kwetu imekwisha?"

"Imekwisha, Mama."

"Basi si zawadi tena, ni chakula tu. Jumapili, ukitoka kanisani, utakuja kututembelea tena?"