Pua Inayowahi

Katika nyumba ya akina Lien, anayebanika chai juu ya makaa hanywi dawa. Sheria hiyo ilitungwa na babu, mwaka aliougua kikohozi akajipaka mafuta ya kafuri kifuani, na vikapu vinane vya chai vikatoka vikinuka kama sanduku la nguo. Tangu siku hiyo, msimu wa kubanika ukifika, hakuna kidonge, hakuna marashi, hakuna kitunguu saumu. Kichwa kikiuma, kinavumiliwa. Babu aliiandika sheria yake kwa wino kwenye ubao, akaupigilia juu ya mlango wa chumba cha makaa.

Yu-an alikuwa amepita chini ya ubao huo kila siku kwa miezi saba, kidonge cha estrojeni, homoni ya kike, kikiyeyuka chini ya ulimi wake.

Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alipozaliwa aliandikwa mvulana, na tangu utotoni alijua kwamba aliyeandika alikosea. Kazi ya moto alifundishwa na shangazi yake, Hsiu-chin, dada ya marehemu baba yake, ambaye ndiye mwenye nyumba na mwenye jina katika chai ya milima ya Lugu. Mwaka uliopita alimweleza shangazi kila kitu. Shangazi alimimina chai mpaka birika likaisha, kisha akasema, "Basi nywele hizo uzifunge ukiingia kwenye makaa." Yu-an alishukuru, akazifunga nywele.

Lakini nywele si pua.

Asubuhi moja mwanzoni mwa majira ya baridi, shangazi alimwaga maji ya moto kwenye kikombe cheupe, akangoja dakika sita, akavuta funda kwa kelele kama wafanyavyo waamuzi wa mashindano ya chai. Kisha akatema.

"Mbichi," akasema. "Chai hii imeuona moto kwa mbali, kama mgeni aliyesalimiwa mlangoni asikaribishwe ndani."

"Niliitoa iliponukia kuiva, shangazi."

"Ndivyo ulivyosema mara iliyopita. Na mara ile nyingine." Shangazi alikiweka kikombe chini taratibu, na hiyo ilikuwa dalili mbaya. "Vile vidonge unaviweka wapi? Unavimeza?"

"Naviweka chini ya ulimi."

"Chini ya ulimi! Mwanangu, ulimi ndio jembe letu, na wewe unalitia kutu kwa hiari yako?"

Yu-an alihisi machozi yanapanda. Hilo nalo lilikuwa jipya. Zamani hasira yake ilikuja kama mlango unaobamizwa, na machozi hayakuja kabisa. Siku hizi machozi yalitangulia, kisha ndipo akajua analilia nini. Wiki iliyopita alilia sokoni kwa sababu muuza machungwa alimwongezea moja. Jambo hilo halikumtia aibu. Lilimshangaza, kama mtu aliyegundua chumba asichokijua katika nyumba aliyokulia.

"Sikiliza," shangazi akasema. "Mashindano yamebaki siku arobaini. Acha vidonge mpaka yapite. Kama huwezi, nitamwita fundi mwingine wa kubanika kutoka Zhushan, na wewe utakaa mbele kufungasha pakiti. Nakupa mpaka Jumapili."

Yu-an alikichukua kikombe akakiosha. Kuacha vidonge kulikuwa ni kurudi katika mwili alioukimbia. Kutoka kwenye chumba cha makaa kulikuwa ni kuacha kazi pekee aliyoipenda. Na katikati ya hayo mawili kulikuwa na swali lililomwasha kuliko yote: je, shangazi alikuwa na haki? Pua yake ilikuwa imeharibika kweli?

Ijumaa alikwenda mjini Taichung kwa gari la mkaa la Po-jung. Po-jung, mwana wa akina Tseng wachoma mkaa, aliwaletea mkaa wa longan, mti wa matunda, na kwa mwaka wa pili sasa alikuwa mpenzi wa Yu-an. Huko Taichung, katika hospitali ya chuo kikuu, Yu-an alikuwa amejitolea kwa utafiti. Walimpiga picha ya ubongo kabla hajaanza homoni, na sasa walitaka ya pili.

"Wakimaliza na wewe, waambie wanipige na mimi," Po-jung akasema akikata kona. "Mama anataka majibu."

"Amesema nini tena?"

"Ameniuliza, 'Siku hizi unapenda wanaume?' Nikamwambia nampenda Yu-an. Akasema hilo si jibu. Nikamwambia basi lile halikuwa swali."

Yu-an alicheka, kisha akamtazama kwa udadisi. "Lakini wewe mwenyewe hujiulizi? Umependa wanawake tangu shule. Mimi ulinipenda kabla ya kidonge cha kwanza, nikiwa na ndevu za asubuhi."

"Najiuliza sana. Labda ubongo wangu ulijua kabla macho hayajajua."

"Au macho yako ni mabovu."

"Hilo pia linawezekana." Akabadilisha gia. "Harufu yako imebadilika, unajua? Zamani ulinuka moshi na jasho kali. Sasa ni moshi na wali uliofunuliwa sasa hivi."

"Unanipenda zaidi kwa hilo?"

"Sijui. Nilizoea ile, nikazoea na hii. Ila wiki mbili za katikati nilipotea kidogo. Nilikuwa nakutafuta kwa pua, sikupati."

Maneno hayo Yu-an aliyaweka akilini, bila kujua bado atayafanyia nini.

Daktari Pan, aliyeongoza utafiti, alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya kukimbilia. Baada ya Yu-an kulala katika mashine ya sumaku kwa muda wa kutosha kuhesabu matofali yote ya nyumba ya babu, walikaa mbele ya picha mbili za kijivu. Moja ilikuwa ya kabla, moja ya sasa. Po-jung aliruhusiwa kuingia, akakaa mikono juu ya magoti kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Niko wapi hapo?" Yu-an akauliza. "Yaani, wapi panaonyesha kwamba mimi ni mwanamke?"

"Hakuna sehemu moja," daktari akasema. "Nikikusanya watu wengi, naona wastani. Sehemu hii ni kubwa kidogo kwa kundi hili, ile ni nene kidogo kwa kundi lile. Kwa watu kama wewe, zipo sehemu zinazosimama katikati, na zipo zenye sura yake ya pekee. Lakini wastani si mtu. Karibu kila ubongo ni mchanganyiko. Ukinipa picha hii bila jina, siwezi kuapa ni ya nani."

"Kwa hiyo haithibitishi chochote."

"Haithibitishi wewe ni nani. Hilo ulinieleza mwenyewe siku ya kwanza, na sikuhitaji mashine kukuamini."

Po-jung aliinua mkono. "Na mimi, daktari? Mashine inaweza kuonyesha kwa nini nampenda?"

"Inaweza kuonyesha damu inapokimbilia ukimwona. Kwa nini inakimbilia huko, haisemi."

"Mama hataridhika."

"Akina mama huwa hawaridhiki," daktari akasema, akaandika kitu.

Ndipo Yu-an akauliza lile lililomleta. "Homoni zinaweza kuharibu pua?"

Daktari aliiweka kalamu chini. "Kwa watu wengine kunusa hubadilika kidogo. Kwa wengine hapana. Hatujui vya kutosha. Lakini kubadilika na kuharibika ni mambo mawili. Kwanza umejipima?"

"Shangazi ananipima kila siku."

"Akijua kwamba chai ni yako?"

"Bila shaka."

"Hicho si kipimo. Hiyo ni hukumu. Sisi hapa tunaficha majina. Na hatutazami kosa moja. Tunatazama makosa yote pamoja, tuone yameelekea wapi."

Njiani kurudi Yu-an aliyahesabu kichwani makopo matupu ya nyumbani mpaka walipoanza kupanda mlima. Kisha akasema, "Po-jung, kesho nitakuhitaji siku nzima. Usile vitunguu."

Jumamosi alfajiri waliwasha makaa, wakayafunika kwa majivu ya makapi ya mpunga, wakaweka juu kikapu kimoja cha chai. Shangazi alikubali jaribio kwa sababu alipenda kushinda. Po-jung alichota konzi ya majani chai ilipotimiza muda wa saa nne motoni, akachota tena ilipotimiza tano, sita, saba na nane. Kila konzi aliitia katika kopo lenye alama anayoijua yeye peke yake. Yu-an na shangazi walikaa ukumbini, madirisha wazi, wasione saa wala kikapu.

Jioni vikombe vitano vyeupe vilipangwa mezani. Kila mmoja wao alipewa karatasi. Swali lilikuwa moja: kila chai imekaa motoni kwa muda gani?

Shangazi alionja kwa haraka, akaandika. Yu-an alionja mara tatu. Kikombe cha nne kilimpa harufu ya sukari inayoanza kuungua, na machozi yakamlenga kwa utamu wake. Akaandika huku akipangusa macho kwa mkono wa shati.

Po-jung alisoma karatasi zote mbili. Akazisoma tena.

"Sema, muuza mkaa!" shangazi akasema. "Au umesahau kusoma?"

"Shangazi amepatia vitatu. Cha saa sita na cha saa saba amevichanganya."

"Uzee huo. Na yeye?"

"Yu-an amekosa vyote."

Shangazi hakufurahi kama alivyotarajia. Alitazama mikono yake. Akili ya Yu-an ikaanza kuvihesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Nimevikosa namna gani? Soma moja moja."

"Cha saa nne umeandika tano. Cha tano, sita. Cha sita, saba. Cha saba, nane. Cha nane..." Po-jung akakunja uso. "Umeandika tisa. Leo hatukubanika kwa saa tisa."

Yu-an aliichukua karatasi, akaipitia kwa kidole kutoka juu hadi chini. Mpangilio ulikuwa sahihi wote. Hakuna kikombe kilichoruka kingine. Kila jibu lilikuwa mbele kwa saa moja, moja tu, kama saa ya ukutani iliyotegwa vibaya lakini inayotembea vizuri.

"Haijaharibika," akasema. "Inawahi. Harufu ya kuiva inanifikia mapema, ndiyo maana natoa chai mapema. Nabanika kwa pua mpya, nikifuata alama za pua ya zamani."

"Kama mimi zile wiki mbili," Po-jung akasema.

"Kama wewe."

Shangazi alisimama. Alikwenda hadi mlango wa chumba cha makaa, akasimama chini ya ubao wa baba yake, akiwapa mgongo.

"Yangu ilichelewa," akasema.

"Nini, shangazi?"

"Pua. Nilipofika miaka hamsini, damu ya mwezi ilipokoma. Wewe ulikuwa shule ya bweni. Nilikuwa nangoja harufu ya kuiva, haiji, haiji. Ikija, chai imeshaungua. Vikapu kumi na viwili msimu mmoja. Na sikunywa hata kidonge kimoja, mwanangu. Sheria niliishika yote, na bado pua ikanihama."

"Ulifanyaje?"

"Nilibanika kwa mikono. Miaka miwili. Nilifinya majani mpaka viganja vikajua, na pua ikajifunza kutoka kwa viganja. Sikumwambia mtu. Mbanikaji akisema pua yake imepotea, nani atampelekea chai?" Aligeuka. "Nilisema ni mkaa mbaya."

Po-jung aliruka kutoka kitini. "Mkaa wa baba! Shangazi! Baba hajakanyaga nyumba hii miaka kumi na minane! Mpaka leo anachagua magogo akinung'unika jina lako!"

"Mkaa wa baba yako ulikuwa mzuri."

"Nimwambie?"

"Nitamwambia mwenyewe. Mashindano yakipita." Akafikiri. "Au kesho."

Yu-an alikuwa na maswali mengi kuliko aliyompelekea daktari. Je, hasira za shangazi nazo zilibadilika? Aliwahi kulia sokoni? Alimtazama mwanamke huyo aliyemlea, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba wote wawili walikuwa wamepita njia moja, mmoja akipanda, mwingine akishuka.

"Ulilia ovyo?" akauliza.

"Nililia kwa ajili ya bata," shangazi akasema. "Usiniulize bata gani."

Akavuta kigoda, akapanda, akachukua brashi na wino wa kuandikia pakiti. Sheria ya babu hakuifuta. Mahali palipokatazwa dawa aliongeza mstari mwembamba pembeni: *Mwili wake ukibadilika, kwa dawa au kwa umri, aandike, na ajipime upya.* Akashuka, akampa Yu-an daftari jipya.

"Na fundi wa Zhushan?" Yu-an akauliza.

"Abaki Zhushan. Huko ana kazi."

Jumapili waliweka kikapu cha mashindano juu ya makaa. Mchana ulipopinda, harufu ilimjia Yu-an, tamu, kamili, na kila kitu ndani yake kikamwambia anyanyue kikapu. Machozi yakaja nayo. Aliandika muda katika daftari.

"Imefika?" shangazi akauliza kutoka kwenye kigoda chake.

"Pua inasema imefika."

"Na mkono?"

Yu-an alizamisha mkono katika majani, akafinya, akasikiliza kwa vidole.

"Mkono unasema bado."

"Basi kaa."

Akakaa.