Kovu la Shee

Griffins aliweka mezani diski mbili za programu za kurekebisha picha, akamwambia Kitsao ana wiki moja ya kuchagua.

"Hii nyepesi ni ya mtu mwenye haraka. Unabonyeza mara moja, bibi wa miaka sabini anatoka bi harusi. Hii nzito, kwa kompyuta yako hii, utapika chai, uinywe, uoshe na kikombe, bado haijafunguka."

"Sasa wewe wanishauri ipi?"

"Fundi wa picha ni wewe, bwana. Mimi muuzaji tu." Akacheka, akarudi dukani kwake Ganjoni.

Kitsao hakuwa mtu wa kukata shauri upesi. Alikuwa amefanya kazi miaka sita katika chumba cha giza cha kusafishia picha cha Mzee Athmani, na sasa, mwaka wa tisini na nane, amekodi chumba chake mwenyewe Mji wa Kale, na kununua kompyuta na skana kuukuu. Alifungua daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa, akaanza kulinganisha. Programu nzito iliacha picha ya asili chini, na kila rekebisho likakaa juu yake kama tabaka. Hilo aliliona kazi bure. Picha ya asili itapoteaje? Tangu siku ya kwanza Mzee Athmani alimwambia filamu haiguswi. Ukitaka kukosea, kosea kwenye karatasi. Filamu imo kwenye bahasha yake, inakungoja. Kitsao aliamini kompyuta nayo ina bahasha yake, mahali fulani huko ndani.

Jumanne akaja Bi Mwanakuu, amekumbatia fremu.

"Masalkheri, mwanangu."

"Masalkheri, mama. Karibu, keti."

Ilikuwa picha ya mwanawe, Shee, aliyefia kazini gatini Mbaraki miaka minane nyuma. Unyevu ulikuwa umeigandisha kwenye kioo na kuitia madoa, hata kovu la juu ya jicho likaonekana kwa shida.

"Niokolee, mwanangu. Sina nyingine."

Kitsao aliipitisha kwenye skana pamoja na kioo chake, akaifungua katika programu nyepesi. Alibonyeza mara moja, madoa yakafutika. Akahifadhi. Akaandika alama ya vyema kwenye daftari.

Kilichomkera ni mng'ao wa kioo uliobaki shavuni. Akiibandua picha, alifikiri, ataipata safi zaidi. Mzee Athmani alikuwa amemkataza kabisa kubandua picha iliyoganda kwenye kioo. Lakini nakala si imo ndani? Akachemsha maji, akaielekeza kwenye mvuke, akapenyeza wembe taratibu. Karatasi ikatoka nyeupe. Uso ulibaki kwenye kioo, vipande vipande.

Alirudi kwenye kompyuta kutafuta picha ya kwanza. Alitafuta mpaka adhana ya magharibi. Ilikuwamo moja tu: Shee mwenye ngozi laini kama ya kwenye tangazo la sabuni. Kovu lililokuwa juu ya jicho lilikuwa limefutwa pamoja na madoa, na Kitsao hakukumbuka lilikuwa jicho lipi.

Akampigia Griffins simu.

"Ulihifadhi juu ya ile ile?" Griffins aliuliza. "Basi imekwenda, bwana. Ndiyo maana watu huchukua ile nzito."

Alhamisi Bi Mwanakuu alipobisha, Kitsao alimweleza yote akiwa wima, hakuficha hata wembe. Mama hakupiga kelele. Alivuta kiti, akaitazama kompyuta.

"Kijana mzuri huyu," alisema. "Lakini Shee wangu alikuwa na kovu."

"Nitalirudisha, mama." Ile programu nzito alikuwa ameshaitia kwenye kompyuta. Walingoja ifunguke. "Lilikuwa wapi?"

"Hapa." Aligusa juu ya jicho lake mwenyewe.

Kitsao akachora.

"Juu kidogo. La, umepandisha mno. Na lilikuwa limepinda."

Akafuta, akachora tena. Chini ya tabaka hilo, uso ulikaa vile vile, haukuguswa.

"Lilipindia wapi, mama? Upande wa pua au wa sikio?"

Bi Mwanakuu alifumba macho. Kidole chake kilikwenda kwenye unyusi wa kushoto, kikasita, kikahamia wa kulia.

"Ngoja," alisema. Kitsao akangoja, mkono juu ya kipanya.

"Kila nikisahau lilipokaa," mama alisema hatimaye, "nilikuwa naitazama picha."