Paa Lenye Shimo

Wewe uliyekaa hapo, nifumbulie hiki: nyumba isiyojengwa na mtu, inanyesha ndani huku nje jua linawaka. Usiumize kichwa. Hata Felicitas wa Ruiri, kule Meru, kilimchanganya, naye alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba hiyo.

Lilikuwa pango la mawe ya chokaa, huko kisiwani Unguja. Binti yake Kanana na mumewe Muchangi, kijana wa Embu aliyekulia mjini humo, mtaa wa Dallas, ndio waliompeleka kutembea. Kanana alikuwa ameshateremka na mtembeza watalii. Muchangi akabaki nyuma, akanyoosha mkono amshike mama mkwe, maana ngazi zilikuwa na utelezi. Felicitas akaficha mkono wake ndani ya leso aliyojitanda.

Muchangi akauliza polepole, "Mama, kwani nilikukosea wapi?"

Felicitas akamgeukia. Huyu hajui? Kwao Meru mama mkwe hakai na mkwe chini ya paa moja, sembuse kushikana mikono. Ndiyo maana Muchangi akija Ruiri, yeye humsalimia kwa mbali kutoka mlango wa jikoni, na mukimo, vile viazi vya kupondwa na mahindi, anampa Kanana ampelekee. Alidhani anampa heshima. Kumbe mwenzake miaka hiyo yote alionja chuki tu.

Sasa hili pango nalo ni paa ama si paa? Alimuuliza mtembeza watalii kwa sauti, akajibiwa kwamba watu wa zamani waliishi humo. Basi ni nyumba, mkono wa mkwe haushikiki. Akateremka peke yake kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, Kanana akicheka hadi akashika ukuta. Matone yakamdondokea shingoni. Mbele kidogo akakuta mwanga: juu pametoboka, mizizi ya mti inaning'inia, mawingu yanapita. Basi ni nje. Akasogea kidogo, giza, nyumba tena. Akarudi, nje. Kichwa kikamzunguka.

Muchangi alikuwa ameteremka nyuma yake, amesimama gizani, mikono mfukoni, anaangalia chini kama mgeni aliyenyimwa chai. Felicitas akaona kwamba akitoka humo bila kumjibu, huyu kijana hatakanyaga Ruiri tena.

Akamwita aje penye mwanga. Akatoa mkono ndani ya leso.

"Hukunikosea mahali popote, Muchangi. Nilikuwa nakuheshimu, kwetu mama mkwe hakai na mkwe chini ya paa moja. Angalia juu, hapa hakuna paa. Nishike."