Kuzoesha Macho

Matia Isabirye alifika Mbale Jumapili kabla ya adhuhuri, amevaa suti yake ya kijivu badala ya magwanda, kwa sababu hakutaka watu wa mtaa wa Namatala wadhani jeshi limekuja kumtafuta mtu. Alikuwa sajini, akiishi Kimaka, kule Jinja, na baba yake alikuwa amemtuma aje kumchukua mke wa mdogo wake.

Mdogo wake, Ronnie, askari jela, alisombwa na maji siku mto ulipofurika na kuingia mitaani. Alikuwa anatoka kazini. Kofia yake ilipatikana imenasa kwenye ua wa kiwanda kimoja, mbali sana na daraja alilokuwa akipita. Yeye mwenyewe hakuonekana. Wazee wa ukoo walisubiri kule nyumbani Budondo, wakachoka kusubiri, wakaamua kufanya kama Wasoga wanavyofanya mtu asipopatikana: watazika shina la mgomba mahali pake, ili msiba uwe na mwisho. Gorreti, mkewe, alikataa kwa simu. Walipopiga tena, hakupokea.

Mlango wa chumba chake ulikuwa na kufuli. Jirani yake, Ketty, aliyemfahamu Matia, alikuwa anaanua nguo uani.

"Yuko kwa Muzafaru," alisema. "Kwenye kibanda cha video."

"Kufanya nini?"

"Anatazama. Leo wanaonyesha mazombi kutwa nzima, na wale wala watu. Filamu moja ikiisha wanaweka nyingine." Ketty alikunja shati la mtoto, akalikunjua, akalikunja tena. "Jumapili iliyopita pia alikuwa huko, afande. Mimi nimeongea naye nimeshindwa. Na watu wameshaanza kusema."

Matia alitembea kuelekea huko huku hasira ikimpanda. Mume wako hata hajazikwa, na wewe umekaa unatazama watu wanaliwa. Aliyapanga maneno hayo njiani, akayapunguza makali, kisha akayarudisha kama yalivyokuwa.

Kibanda kilikuwa cha mbao na mabati, ndani kimezibwa kwa plastiki nyeusi ili mwanga usiingie. Alilipa mlangoni, akasimama kidogo hadi macho yake yalipoona. Mabenchi yalikuwa yamejaa vijana. Mbele, pembeni mwa televisheni kubwa, Muzafaru alikaa na kipaza sauti, akiifasiri filamu kadiri ilivyokwenda, Kiganda kikichanganyika na Kiswahili, kwa maana wateja wake wengine walikuwa madereva wa malori kutoka Kenya.

"Huyu mzee alikufa jana, leo ameamka na njaa," Muzafaru alikuwa akisema. "Jirani, usifungue mlango. Nimekwambia usifungue. Haya, umefungua."

Vijana walicheka. Gorreti alikuwa kwenye benchi la nyuma, peke yake, leso imefungwa kichwani, mgongo umenyooka kama mtu aliye kanisani. Hakucheka. Hakufumba macho. Kwenye kioo, yule mfu aligeuza uso wake ulioliwa nusu, na Gorreti akauinamia, kama mtu anayejitahidi kusoma maandishi madogo.

Matia alikaa kando yake. Gorreti alimwona, akamsalimu kwa sauti ya chini.

"Karibu, shemeji."

"Mama Trevor, twende nje."

"Ngoja iishe."

"Mama Trevor."

"Shemeji, nakuomba. Kaa na mimi mpaka iishe, halafu utasema yote uliyokuja nayo."

Walizungumza Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha waliyokutana ndani yake. Matia, Msoga, alijifunza jeshini; Gorreti, Mgisu, alijifunza kwa Ronnie, aliyekileta nyumbani kutoka jela pamoja na viatu vyake vizito. Matia alikaa. Filamu ikaisha, nyingine ikaanza bila taa kuwashwa. Hii ilikuwa ya watu waliopotea msituni, wakashikwa na kabila la wala watu. Matia alitazama kidogo, kisha akayashusha macho yake sakafuni. Alikuwa amewahi kubeba wenzake waliokufa msituni, kule mpaka wa magharibi, kwenye machela za miti na mashuka, na hakutaka kuona msitu huo ukichezewa.

"Unatazama chini," Gorreti alimnong'oneza.

"Ndiyo."

"Hata mimi nilianza hivyo. Jumapili iliyopita nilitazama miguu ya watu tu. Leo naweza kutazama nyuso."

"Kwa nini unataka kutazama nyuso hizi?"

Mbele, kisu kilipanda na kushuka, na vijana wakapiga kelele za furaha na woga.

"Waliniita mochari," Gorreti alisema. "Kulikuwa na mwili umetolewa kwenye matope kule chini. Mwanamume. Unakumbuka niliwaambia nyumbani kwamba nimekwenda na si Ronnie."

"Nakumbuka."

"Sikumtazama. Walipoinua shuka nilifumba macho, nikasema si yeye, nikatoka. Harufu ilikuwa imenishika. Sikuona hata mguu." Alivuta pumzi. "Kila wiki nauliza, naambiwa bado yuko, hakuna aliyekuja. Ninyi mnataka kuzika mgomba, na pengine mume wangu amelala pale anasubiri mimi nifumbue macho. Ndiyo maana nakuja hapa. Nazoesha macho."

Maneno aliyoyapanga Matia njiani hayakuwa na pa kwenda.

"Wewe umeona wengi," Gorreti aliendelea. "Niambie ukweli. Ndivyo wanavyokuwa? Kama hawa?"

"Hapana."

"Ni wabaya zaidi?"

Alifikiri kabla ya kujibu, maana aliona kwamba Gorreti atalibeba jibu hili hadi mlangoni mwa mochari.

"Hawa wamepakwa rangi ili wakutishe," alisema. "Maiti hataki kukutisha. Hataki kitu. Mwili umeharibika, ndiyo, na utaumia kuuona. Lakini hakuna hasira pale, mama Trevor. Ukishaingia, hofu yote utakayoikuta ni ile uliyoingia nayo wewe."

Filamu iliyofuata ndiyo ambayo watu wa mtaa ule waliizungumzia baadaye. Ilikuwa ya mazombi tena, na katikati yake wafu walianza kutoka mtoni, mmoja mmoja, wamefunikwa na tope, nguo zimewaganda mwilini. Muzafaru alikuwa ameshafungua kinywa kutia mzaha wake. Akanyamaza. Pengine alikuwa hajaiona filamu ile kabla, au aliiona kabla ya mafuriko. Kwenye mabenchi hakuna aliyecheka. Kijana mmoja wa mbele alisimama, akatoka nje bila kumtazama mtu. Wafu walipanda ukingo wa mto kwa tope lao, na ndani ya kibanda ilisikika sauti ya jenereta tu.

Kisha Muzafaru akaweka kipaza sauti mezani, akaizima filamu. "Hii tuiache," alisema kwa sauti yake ya kawaida, ambayo wengi walikuwa hawajawahi kuisikia. "Samahani, jamani. Nitaweka nyingine."

Gorreti aliinuka. "Sasa twende, shemeji."

Asubuhi iliyofuata walikwenda pamoja. Mhudumu wa mochari, mwanamume mtaratibu mwenye mabuti ya mpira, alimtambua Gorreti na hakumuuliza kitu. Aliwapa vitambaa vya kufunika pua, akawaongoza hadi ndani. Matia alikuwa amejiambia kwamba atatazama yeye kwanza, amwondolee mzigo. Lakini mhudumu aliposhika shuka, Gorreti alisema, "Acha, nitafunua mwenyewe."

Alianzia miguuni. Alitazama vidole, magoti, akapanda polepole, mkono wake mmoja umeshika ukingo wa meza. Matia alisikia pumzi yake ikikatika na kurudi. Alipofika usoni alisimama pale muda mrefu, hata mhudumu akageuka kumtazama Matia. Matia mwenyewe alikuwa ameukabili ukuta.

"Si yeye," Gorreti alisema.

"Una hakika?"

"Njoo utazame. Meno ya Ronnie ya mbele yalipandana. Huyu ana pengo. Na mkono wa kushoto ana kovu la moto, kubwa, la zamani." Alirudisha shuka, akalinyoosha kwenye mabega ya yule mtu kama anavyofanya kwa mtoto wake. "Ni mume wa mtu huyu. Au mtoto wa mtu."

Mhudumu alisema wasiochukuliwa walikuwa karibu kuzikwa na serikali ya jiji, wote pamoja.

Nje Gorreti alikaa kwenye ngazi akalia, na Matia akakaa naye, suti yake ya kijivu kwenye vumbi. Alilia kwa sababu yule mtu hakuwa Ronnie, na kwa sababu yeye alikuwa ameomba awe Ronnie, na aliona ni vibaya kuomba hivyo. Alipomaliza alifuta uso kwa leso.

"Waambie wazee nitakuja," alisema. "Lakini kwanza tupite redioni."

Redio moja ya mjini iliwapa nafasi kwenye matangazo ya vifo. Gorreti alilisoma tangazo kwa Kigisu na Matia kwa Kiswahili: mwanamume mrefu, pengo la meno ya mbele, kovu la moto mkono wa kushoto, anawasubiri watu wake.

Budondo walimzika Ronnie siku ya Ijumaa. Wanaume waliukata mgomba shambani kwa baba yao, wakalifunga shina lake kwa nguo ya gome la mti, na Gorreti akaweka juu yake shati alilolipiga pasi mwenyewe. Trevor, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, alivuta gauni la mama yake.

"Baba yuko humo ndani?"

Wazee walimtazama Gorreti.

"Hapana," alisema. "Baba alichukuliwa na maji, hatukumpata. Tumemtengenezea mahali hapa ili tuwe tunakuja kumsalimia."

Mtoto aliyapima maneno hayo, akaokota udongo kidogo, akauliza kama anaweza kuutupa. Akaambiwa ndiyo.

Gorreti alikuwa bado Budondo simu ilipokuja. Ilikuwa familia moja kutoka Bulambuli. Walisikia tangazo, wakaenda Mbale, wakamchukua mtu wao. Aliitwa Wanyera, fundi wa kujenga, aliyekuja mjini kutafuta kibarua wiki ile ile ya mvua. Waliuliza kama yule mama wa redioni angeweza kufika mazishini.

Matia alimsindikiza. Jeneza lilikuwa limeshafungwa kwa misumari, na mke wa marehemu, mwanamke mwembamba anayenyonyesha, alimshika Gorreti mkono akamvuta pembeni.

"Hawakuniruhusu kumwona," alisema. "Wanaume ndio waliotazama. Nitajuaje kama ni yeye?"

"Kovu lake lilikuwa wapi?"

"Hapa." Mwanamke aligusa mkono wake wa kushoto, chini ya kiwiko. "Alimwagikiwa uji wa moto akiwa mdogo. Lilishuka mpaka kwenye kifundo."

"Mpaka kwenye kifundo," Gorreti alisema. "Na chini limejikunja, limeacha ngozi laini. Nilimwona. Nilimtazama vizuri."

Mwanamke alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi. Kisha akampa Gorreti mtoto amshikie, akaenda kukaa kando ya jeneza.