Kandambili za Friji

Nyumba ile ilikuwa na kandambili ambazo hazikuwa za mtu. Zilikuwa za friji. Za buluu, mpira mnene, zilikaa jikoni mbele ya mlango wa friji usiku na mchana, na kila aliyetaka maji ya baridi alizivaa kwanza ndipo akashika mpini. Wenyeji walizivaa bila kufikiri. Wageni walielekezwa: "Choo kile pale, maji yako kwenye friji, ila vaa hizo kwanza, ina shoti kidogo tu." Mgeni alicheka, akavaa, akanywa maji yake, akazirudisha. Hakuna aliyewahi kuuliza ni friji gani hiyo inayofunguliwa kwa viatu.

Aliyebuni utaratibu huo ni baba mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia. Uinjinia wake aliupata kaunta. Alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi, na kwa kuwa kutwa nzima alishika soketi na waya akiwafungia wateja, aliamini elimu ilikuwa imemwingia kupitia viganja. Fundi umeme hakuwahi kukanyaga kwake. Friji ilipokuja na plagi ya meno matatu, akakuta waya wake wa kuunganishia una matundu mawili, alikata plagi akafunga nyingine ndogo. Ule waya wa tatu, wenye rangi ya kijani na njano, ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliopotea njia, aliukunja akaufunga kwa selotepu. "Huo ni wa ziada," alisema. "Viwanda vinapenda mapambo."

Basi umeme uliopotea njia ukakaa kwenye bati la friji, ukingoja mtu.

Mkewe aliitwa Dobi. Jina hilo alipewa na ndugu wa mume kwa sababu alipiga pasi kwenye duka la kufulia nguo, na walilitamka huku wamebinua midomo. Yeye hakujali. Pale kazini bosi wao alikuwa mama mmoja mfupi mwenye sauti ya king'ora, ambaye miaka ya nyuma alipoteza wafanyakazi wawili kwa pasi moja: wa kwanza alinaswa na umeme, wa pili alimkumbatia ili amvute. Tangu hapo, kila asubuhi kabla pasi hazijawashwa, mama yule alisimama mlangoni akauliza, "Mwenzako amenaswa, unafanya nini?" Nao wakajibu kwa pamoja, watu wazima na ndevu zao, "Nazima, ndipo namshika!" Dobi aliona ni mambo ya chekechea. Lakini aliitikia kila siku, na jambo likamkaa.

Kwa muda mrefu na yeye alizivaa kandambili za friji bila neno. Hilo lazima lisemwe. Kilichomfumbua macho ni binti yao, Kidosho, alipoanza kusimama dede. Mtoto alitembea kwa kushikilia: kochi, meza, kochi jingine, ukuta. Kila siku alisogea kidogo, na baada ya ukuta ni jikoni, na jikoni kitu cha kwanza ni friji.

Tena dalili zilikuwa zinapiga kelele kwa yeyote aliyetaka kusikia. Plagi ilikuwa imegeuka kahawia pembeni. Friji ilipowaka, taa ya sebuleni ilififia, kisha ikarudi. Wakati mwingine jikoni kulinuka harufu kama ya nywele zilizopitiwa na pasi. Dobi akamwendea mumewe.

"Baba Kidosho, mtoto akimaliza makochi atafika kwenye friji. Na yeye hana kandambili."

"Tutamnunulia ndogo," Injinia akajibu, akacheka peke yake.

"Sitanii. Naita fundi."

"Fundi aje kunifundisha mimi? Mimi? Watu hapa mtaani watanionaje?"

"Watakuona una mtoto."

Akawasha redio. Ndivyo alivyokuwa: neno likimshinda, redio inapanda. Dobi aliingia jikoni, akaweka stuli mbili za mbao mlangoni kuwa kizuizi, na siku zote zilizofuata aliziruka stuli zile akiwa na sufuria mikononi, akimlaani mtu aliyelala naye kitanda kimoja.

Mama mkwe alikuja kukaa nao kidogo. Alikuwa mwanamke mkavu, msafi kupita kiasi, na kwake kandambili ni kandambili. Jumapili mchana, Kidosho amelala chumbani na Dobi anakunja nguo sebuleni, mama mkwe aliziona zile za buluu, akazivaa akaenda nazo chooni nyuma ya nyumba. Aliporudi alinawa mikono bombani, akazivua kwenye mlango wa nyuma kama mtu mwenye adabu zake, akaingia jikoni pekupeku.

Injinia alikuwa ametangulia. Alitoka kuoga, kiunoni taulo, maji yanamchuruzika mpaka sakafuni. Alikuwa na kiu. Hakutazama chini. Aliruka stuli, akashika mpini.

Hakupiga kelele. Watu hudhani mtu aliyenaswa atalia; yeye alitoa mkoromo mmoja tu, kisha meno yakafungana, na mkono ukaukumbatia mpini kama vile ndio uliokuwa wake tangu kuzaliwa. Mwili mzima ulikuwa unatetemeka. Dobi alisikia mkoromo ule, akanyanyua macho, akaona mgongo wa mumewe. Kutoka upande wa pili akamwona mama mkwe anakuja mbio, mikono mibichi imetandazwa, analia, "Mwanangu! Mwanangu!"

Plagi ilikuwa nyuma ya friji. Kuifikia ni kuikumbatia friji yenyewe. Dobi aliruka stuli akamkinga mama mkwe kabla hajafika, akamsukuma kwa mikono yote miwili kifuani. Mama wa watu alikwenda chini, akagonga ndoo, mkono ukabaki chini yake.

"Usimguse! Mama, usimguse, utakufa na wewe!"

Akatoka mbio barazani, kwenye sanduku la swichi kubwa. Lilikuwa na kufuli.

Alikuwa amesahau. Injinia aliliwekea kufuli kwa sababu watoto wa jirani walimzimia umeme katikati ya mpira, na ufunguo ulikuwa kwenye suruali yake, na suruali ilikuwa anajua Mungu wapi. Hasira zilizompanda Dobi pale hazikuwa za mtu anayeogopa kuwa mjane. Zilikuwa hasira za mtu aliyefungiwa nje ya uhai wa watu wake kwa sababu ya mechi. Akauchukua mchi uliokuwa umesimama kwenye kinu, akapiga. Kufuli likacheka. Akapiga tena, na mara hii kitasa kizima kiling'oka na plasta yake, kwa kuwa Injinia alikuwa amekikaza kwa vijimisumari vya kutundikia picha. Ilikuwa mara ya kwanza kazi mbovu ya mtu yule kumfaa mtu, na aliyefaidika ni yeye mwenyewe. Dobi akavuta swichi chini.

Ndani kikasikika kishindo.

Alimkuta chini, taulo huko, macho juu. Akaweka sikio mdomoni mwake: anapumua. Akamlaza ubavu, akamfunika, akapiga kelele za kuomba gari. Jirani alikuja na la kwake. Hospitali walimlaza, wakausikiliza moyo usiku kucha, wakamfunga kiganja kilichoungua hadi nyama ya ndani. Mama mkwe alifungwa kifundo cha mkono, kimeteguka. Daktari aliwaambia mgonjwa ana bahati. Dobi akayameza maneno yake, maana bahati ile ilikuwa imemchubua viganja.

Injinia aliruhusiwa. Dobi akarudi kazini, akijua swichi kubwa imezimwa na itabaki imezimwa mpaka fundi aje. Walikubaliana hivyo kitandani hospitali, na mume akaitikia kwa kichwa. Lakini jioni moja Dobi aliporudi kutoka kazini aliona viatu vingi barazani, na kwenye sanduku la swichi kufuli jipya. Kubwa kuliko la kwanza. Limekazwa kwa skrubu ndefu.

Alisimama pale akilitazama. Ndani, friji ilikuwa inaunguruma.

Sebuleni walikuwa wamekaa kikao. Shemeji mkubwa, kaka yake Injinia, kwenye kochi la mbele. Wifi, dada yao, pembeni yake, mikono kifuani. Injinia na kiganja chake cheupe kwa bandeji. Mama mkwe kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni, mkono mmoja umefungwa. Kidosho chini kwenye mkeka, anatafuna kitu.

"Kaa, shemeji," akasema shemeji mkubwa. "Tumekuja kwa jambo zito."

Wifi hakungoja zamu. "Ulimpiga mama yetu!"

"Nilimsukuma."

"Mtu mzima wa umri ule, umemtupa chini kama gunia! Halafu mumeo ananing'inia kwenye umeme, wewe unakimbilia nje! Hata mkono hukumpa! Mke gani huyo?"

"Mke aliyemzimia."

"Usijibizane," akasema shemeji mkubwa. "Hatukatai ulizima. Lakini kuna namna. Mkwe haguswi. Tunachotaka ni kidogo: upige magoti hapa, umwombe mama radhi, yaishe."

Dobi alimtazama mumewe. Injinia alikuwa anakagua bandeji yake kwa makini sana.

"Na friji?" akauliza. "Nani kaiwasha?"

"Mimi," akasema Injinia. "Vitu vilikuwa vinaharibika. Lakini nimeshalishughulikia, mama Kidosho, usiwe na wasiwasi. Tatizo siku ile lilikuwa kandambili hazipo. Nimenunua za akiba. Sasa kila mtu na zake."

"Kaka kafikiria kila kitu," wifi akaongeza. "Kanunua hata za mtoto."

Dobi akatazama mkekani. Alichokuwa anakitafuna Kidosho kilikuwa kandambili. Ndogo, ya waridi, kibandiko cha bei bado kipo.

Damu ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Alipofungua mdomo, sauti iliyotoka ilikuwa ya bosi wake, king'ora kile kile.

"Mmeona aibu kumwita fundi, hamkuona aibu kumnunulia mtoto kiatu cha kufia! Mnaniita kwenye kikao, mimi! Waya umekatwa na nani? Kufuli limewekwa na nani? Nilivyopiga mchi ule, mlikuwa wapi? Mama yenu mkono umeteguka, ndiyo, nimeutegua mimi! Ningemwacha afike pale mngekuwa leo mmekaa matanga mawili, na hapo mngesema Dobi ni mkwe mwema, hakumgusa mtu! Sipigi magoti! Mbele ya friji inayowaka, sipigi!"

"Dharau hiyo," akasema shemeji mkubwa, akiinuka nusu. "Mwenyewe kakwambia ameshaitengeneza..."

Hakumaliza. Katika kelele zile hakuna aliyekuwa anamtazama Kidosho. Mtoto alikuwa ametambaa, kandambili mdomoni, akapita kwenye miguu ya wakubwa, na stuli za mlangoni walikuwa wameziondoa ili wazikalie wageni. Alikuwa ameshafika jikoni. Alikuwa ameshika kizingiti, anajinyanyua.

Wote waliruka pamoja. Wifi alipiga ukelele, "Mtoto! Mshikeni mtoto!" Shemeji mkubwa alipindua meza. Injinia alinyoosha mkono wenye bandeji, na Dobi alikuwa tayari hewani. Lakini mama mkwe ndiye aliyekuwa karibu. Alimnyakua mjukuu kwa mkono mmoja, akamweka begani, akabaki amesimama mlangoni.

Friji tu ndiyo iliyokuwa inazungumza.

"Mlikuwa mnakimbilia nini?" mama mkwe akauliza.

Shemeji mkubwa aliinama kuiinua meza.

"Nauliza. Si imeshatengenezwa? Si kila mtu ana zake? Mbona mmeruka kama mmekalia moto?" Akamgeukia binti yake. "Wewe umenililia mkono wangu tangu asubuhi. Mimi umeniuliza? Nani kati yenu ameniuliza? Nilikuwa naenda kumshika. Na mikono nilikuwa nimetoka kunawa. Nimelala siku zote hizi nawaza mikono ile, nyinyi mnanipangia kuombwa radhi."

Akamnyooshea Injinia mkono uliofungwa.

"Ufunguo."

"Mama, kesho nitamtafuta..."

"Sijakuuliza kesho."

Injinia aliupapasa mfukoni kwa mkono wa kushoto, akautoa. Mama yake hakuupokea. Alimwonyesha kwa kidevu wa kumpa. Dobi akaukwapua.

"Na wewe," mama mkwe akamwambia, bado amekunja uso, "usidhani mkono hauniumi. Unaniuma. Na kusukuma unajua."

"Nisamehe, mama," Dobi akasema, na ilimtoka bila magoti, bila kikao, kabla hajajua kama angeisema.

"Kazime kwanza."

Dobi akatoka barazani. Ufunguo ulikwaruza kufuli pande zote kabla ya kuingia. Akavuta swichi chini kwa nguvu ambazo swichi haikuzihitaji. Taa zikazimika, friji ikajikohoza, ikanyamaza. Akafunga kufuli la Injinia, lile kubwa, lenye skrubu ndefu, akautia ufunguo kwenye mfuko wa aproni ya kazini, akatoa simu kumpigia fundi wa bosi wake.

Ndani, gizani, Injinia akasema nyama itaoza.

"Ioze," akasema mama yake.

"Ioze!" akarudia Dobi kutoka barazani, simu sikioni, kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu, ili mtaa nao usikie.