Povu Juu ya Marumaru

Mwanamina alikuwa na sauti ndogo. Akipiga hodi, wenye nyumba walidhani ni paka anajikuna mlangoni. Wifi yake Tabu alizoea kumtania: "Wifi yangu huyu, hodi yake unaisikia akishakaa na kumaliza maji ya kunywa."

Labda ndiyo sababu alipapenda nyumbani kwa Bibi Sakinabai, mke wa Mhindi mwenye duka pale Umwe, alikokwenda kila asubuhi kufua na kuosha vyombo. Bibi Sakinabai mwenyewe alisema kwa mikono kuliko kwa mdomo. Na katika nyumba ile mlikuwa na jiwe.

Lilikuwa jiwe la duara, pana kama ungo mdogo, jeupe, lenye mishipa ya kijivu iliyopita ndani kwa ndani. Bibi Sakinabai alilitoa kwao Kachi, huko Bara Hindi, limeviringishwa katika nguo zake za arusi, na kazi yake ilikuwa moja tu, kusukumia chapati. Mwanamina alilifuta kwa kitambaa chenye maji, na akiona haangaliwi, alilaza kiganja juu yake. Jua la Umwe liwake liwakavyo, jiwe lile lilikuwa baridi.

"Marumaru hiyo," Bibi Sakinabai alimwambia siku moja. "Kwetu, msikiti chini yote marumaru. Mchana, jua kali, miguu peku, baridi! Na kaburi ya watu kubwa, marumaru. Wanakata mlimani, kipande kama nyumba. Halafu sugua na mchanga na maji, siku nyingi, siku nyingi, mpaka unaona uso yako."

"Na makaburi ya watu wadogo?" Mwanamina aliuliza.

Bibi Sakinabai alicheka mpaka bangili zikalia. "Watu dogo udongo, mtoto. Kwetu udongo, kwenu udongo."

Mwezi ule ulikuwa wa kutengeneza achari. Mwanamina alikata ndimu tangu asubuhi, na kwa kuwa ubao ulikuwa umejaa, alizilaza nyingine juu ya jiwe, upande uliokatwa ukiwa chini. Alipogeuka, aliona povu. Jiwe lilikuwa linachemka bila moto, vipovu vidogo vidogo vikipanda kuzunguka kila ndimu na kupasuka. Alizipangusa haraka. Pale zilipokuwa, weupe ulikuwa umefifia, na ukipitisha kidole ulikuta panakwaruza kama ngozi ya papa.

"Ayaa!" Bibi Sakinabai alijishika kichwa. "Ndimu inakula marumaru! Chumvi hapana, maji hapana, mafuta hapana. Ndimu! Hujui?"

Mwanamina hakujua. Sasa alijua.

Jioni ile walikula uani, yeye, Tabu, na kaka yake Mwinyimvua, mume wa Tabu. Kaka alikula ameinama mbele, kwa sababu mgongo wake ulikuwa na alama mbichi za kiboko. Alikuwa ametoka katika shamba la pamba, ile pamba ya Mjerumani ambayo kila mwanamume wa Umwe alilazimishwa kuilima huku mpunga wake mwenyewe ukiliwa na ndege. Juma lililopita mjumbe wa dawa alikuwa amepita kijijini akitokea Ngarambe. Alisema iko dawa ya maji. Ukiinywa na kunyunyiziwa, risasi ya Mjerumani ikikufikia itageuka maji. Vijana wengi walisisimka. Mwinyimvua alikuwa mmoja wa wachache waliocheka.

"Maji ni maji," alisema. "Nimeoga Rufiji tangu nizaliwe. Sijaona hata mamba akiyaogopa, sembuse risasi."

Mwanamina alitaka kumchekesha. Haikuwa desturi yake kusimulia kisa, lakini kaka alikuwa amekaa kimya siku nyingi, na kisa hiki kilikuwa kizuri. Aliamua kuanza na maajabu yake, kwamba ni maji ya ndimu aseme mwisho.

"Kaka, leo nimeona maji yanakula jiwe."

Mwinyimvua aliacha tonge hewani. "Yanakula nini?"

"Jiwe. Lile la Bibi Sakinabai. Yalitoa povu, yakachemka bila moto, na jiwe likaliwa. Nimepagusa mwenyewe."

"Lile la chapati? Nililibeba mimi siku wanahamia! Jiwe gumu lile." Alirudisha tonge sahanini. Macho yake yalikuwa juu ya Mwanamina, na hayakuwahi kumtazama hivyo, kama mtu aliyeleta habari kutoka mbali. "Risasi nimewahi kuishika. Ni laini, ukucha unaingia. Tabu, umesikia? Kama maji yanakula jiwe, risasi ni kitu gani?"

Neno ndimu lilikuwa kwenye ulimi wa Mwanamina. Alitaka kucheka, aseme, ngoja kaka, sijamaliza. Lakini Mwinyimvua alikwisha simama, amenyoosha mgongo kwa mara ya kwanza tangu kiboko, anatembea uani akisema, "Dada yangu ameona! Kwa macho yake!" Mwanamina akaona aibu kumkatiza. Akanyamaza. Alijiambia atamwambia kesho.

Kesho yake asubuhi, Bibi Sakinabai alipokuwa dukani, Mwanamina alichota maji ya mto kwenye kata akayamwaga juu ya jiwe. Alisubiri. Maji yalitulia pale yakimwonyesha uso wake. Aliyafuta, akamwaga mengine. Hayakufanya kitu.

Alasiri aliitwa barazani kwa Kondo. Wanaume saba walikuwa wamekaa, Mwinyimvua akiwa mmoja wao. Hakuwahi kusimama mbele ya wanaume saba.

"Usiogope, mwanetu," alisema Kondo, ambaye ndiye aliyebaki na shaka na ile dawa. Alikuwa mtu mzito wa kuamua, mwana wa pekee wa Bi Zena. "Sema tu. Uliona maji yanakula jiwe?"

Mwanamina alimtazama kaka yake. Kaka alitabasamu, akamtikisia kichwa kumpa moyo, na juu ya bega lake ncha ya alama ya kiboko ilionekana. Mwanamina naye akaitikia kwa kichwa.

"Maji haya haya? Maji tu?"

Hapo ndipo neno ndimu lilipokuwa. Lilikuwa karibu kama mate. Aliinamisha macho, akaitikia kwa kichwa mara ya pili.

Kondo alipumua kwa nguvu. "Jamani, huyu hata kuku hawezi kumfukuza. Atatudanganyaje sisi?" Wote wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichowafungisha safari.

Walikunywa dawa siku ya tatu. Waliapa wasiibe mali ya mtu, na wasiwaguse wake zao mpaka vita viishe. Mhindi alipopata habari alipakia watu wake katika mtumbwi waelekee pwani. Bibi Sakinabai alitaka kuchukua jiwe lake. Mumewe akakataa, mtumbwi ulikwisha zama hadi ukingoni. Alimshika Mwanamina mkono. "Jiwe zito," alisema akilia. "Wewe tunza." Usiku duka lilichomwa, na nyumba pamoja nalo, jiwe likiwa ndani. Mwinyimvua alikuwa miongoni mwa waliochoma. Hawakuchukua hata kipande cha nguo, kwa kuwa dawa ilikataza.

Alfajiri wale saba walivuka mto kwenda kusini. Mwanamina aliwasindikiza mpaka majini. Kaka alimpa mkono, akasema kwa mzaha, "Tukirudi nitakununulia jiwe lako mwenyewe." Mwanamina alifungua kinywa. Mtumbwi ukaondoka.

Habari ilikuja baada ya siku kumi na mbili. Mtu aliyetoka ng'ambo alisema Wajerumani walikuwa na bunduki inayotema bila kupumzika, na watu waliiendea wakiwa wima, hawakuinama hata kidogo, wakisema "maji, maji". Aliwataja wale saba mmoja mmoja. Kisha askari walivuka upande huu, wakachoma ghala za mpunga, na njaa ikaingia Umwe ikakaa.

Watu walipokuwa wakichimba ming'oko, viazi vya porini, walitafuta kwa nini risasi hazikugeuka maji. Hawakusema kwamba dawa ilikuwa ya uongo. Walisema mwiko ulivunjwa. Na Bi Zena, mama yake Kondo, ndiye aliyesema wazi kisimani kwamba mke wa Mwinyimvua alionekana ndani na mumewe usiku wa kuamkia safari. Kwamba mwanamke huyo mmoja ameua wanaume saba. Tangu hapo Tabu akifika kisimani, wengine waliinua mitungi yao wakaondoka, hata ambayo haijajaa.

Mwanamina aliona yote hayo. Kila siku alisema moyoni kwamba leo atazungumza, na kila siku alichota maji akarudi nyumbani.

Tabu alimaliza eda. Siku moja walikuwa wakimenya ming'oko, Tabu akasema bila kuinua macho, "Wifi, ni kweli."

"Kweli nini?"

"Usiku ule. Nilimwomba asiondoke hivi hivi. Nilimshika." Kisu kilisimama. "Mimi ndiye niliyeiharibu dawa. Bi Zena hakosei. Nimemuua kaka yako, na wewe unanimenyea chakula."

Mwanamina aliinuka. Alikwenda bila kuaga hadi lilipokuwa duka la Mhindi, akafukua majivu kwa mikono. Jiwe lilikuwa limepasuka. Ukingo wake uliungua ukawa chokaa, ukaloa kwa mvua na kuganda kwenye vidole vyake kama unga wa mhogo. Lakini kipande cha katikati kilikuwa kizima, kidogo kama kiganja. Alikipangusa kwenye kaniki. Bado kilikuwa baridi. Nyuma ya duka mndimu ulizaa kana kwamba hakujatokea kitu. Akachuma mbili.

Alirudi, akaweka jiwe mbele ya Tabu. Akalimwagia maji ya mtungini.

"Tazama," alisema.

Maji yalitulia. Tabu alitazama, hakuelewa. Mwanamina akayafuta, akakata ndimu, akaikamua. Povu likapanda, likachemka, likasema kwa sauti ndogo kama mafuta ya kikaango kikiondolewa motoni.

Tabu alilitazama mpaka lilipokufa. Kisha akauliza, "Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

"Kabla ya kuitwa barazani?"

"Kabla. Nilijaribu maji, nikaona. Nikaitikia kwa kichwa."

Mwanamina alingoja kofi. Alilitamani. Tabu alichukua ndimu ya pili, akaigeuza mkononi kama anayetafuta mahali palipooza.

"Neno moja, wifi," alisema. "Ungesema hili moja tu."

"Ndiyo."

"Miezi yote hii nalala nikijiita muuaji. Na wewe unalala upande wa pili wa ukuta."

"Ndiyo."

Tabu alijifunga kanga kiunoni. "Nyanyuka. Bi Zena yuko nyumbani."

"Tabu, siwezi."

"Najua huwezi. Nyanyuka. Halafu nyumba nyingine tano."

Walipita katikati ya kijiji mchana, Mwanamina mbele na jiwe, Tabu nyuma na ndimu. Kwa Bi Zena mlango ulikuwa umerudishwa. Mwanamina alisimama mbele yake.

"Hodi," alisema.

Ndani kulikuwa kimya. Tabu alisimama pale pale nyuma yake, hakumsaidia, hakukohoa hata mara moja. Mwanamina alilikumbatia jiwe kifuani hadi ubaridi wake ukapenya nguo.

"Hodi!" Sauti ilitoka kubwa, ikamshtua mwenyewe. Ng'ambo ya njia mwanamke aliacha kutwanga, akageuka.

"Nani huyo anapiga kelele?" Bi Zena aliuliza kutoka ndani.

"Ni Mwanamina, dada yake Mwinyimvua. Shikamoo, bibi. Nimekuja kukuonyesha kilichomuua Kondo."